Kisu cha kutengenezwa kwa mkono, mpini wa mpingo, muuzaji anataka dola 650. Nikichukue?

Mdau_Columbus

Wakuu heshima kwenu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Niko Columbus, Ohio, nimekuwa nafuatilia visu vya kutengenezwa kwa mkono kwa mda sasa, sio vya kukunja, hivi vya kuwindia ambavyo chuma cha bapa kinaendelea mpaka ndani ya mpini. Kuna jamaa anauza mkusanyiko wake mdogomdogo na kimoja kimenikaa moyoni kweli. Bapa inchi 4, chuma 52100 kilichofuliwa kwa nyundo, mpini wa mpingo, kikinga vidole cha shaba, na ala ya ngozi iliyoshonwa na fundi huyohuyo. Upande wa kushoto wa bapa kuna jina la fundi, upande wa pili kuna herufi JS. Anasema hajawahi kukatia kitu chochote, kimekaa kabatini ndani ya ala yake toka alipokinunua kwenye maonesho ya visu ya Atlanta.

Bei dola 650. Anataka nimlipe PayPal kwa ile njia ya kutumiana ndugu na marafiki, anasema njia ya biashara inamkata hela.

Sasa nauliza, hiyo JS ina maana gani kwenye bei? 650 ni sawa au napigwa? Na nikienda likizo Dar nataka niende nacho nimuoneshe mzee, maana mpingo wenyewe umetoka kwetu, je mti huo hauna matatizo kuvusha mipaka? Nimesikia kuna mambo ya vibali. Picha alizonituma ni tatu tu, zote za kutokea ubavuni.

Fuawe_na_Nyundo

Mkuu karibu kwenye ugonjwa huu. Naanza na JS coz ndio inabeba bei yako.

JS (Journeyman Smith) ni daraja linalotolewa na American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu kilichoanzishwa 1976, Bill Moran wa Maryland akiwa mmoja wa waanzilishi, yule aliyekuja na visu vya dameski (chuma cha tabaka zilizofuliwa pamoja, chenye michirizi) kwenye maonesho mwaka 1973 wakati karibu kila mtu Marekani alikuwa anakata bapa kwenye sahani ya chuma na kulisaga. Daraja la kwanza ni JS, la juu ni MS (Master Smith). Haupewi kwa kulipa ada. Mhunzi anakaa uanafunzi kama miaka 3, inapungua ikiwa amesoma kozi ya chama, halafu anatengeneza kisu cha mtihani na kisu hichohicho kinafanyiwa mambo yote bila kunolewa katikati: kinakata kamba nene ya inchi 1 inayoning'inia kwa pigo moja, kinakatakata mbao ya mbili kwa nne mpaka inakatika mara mbili, baada ya hapo bado kinyoe nywele za mkono, kisha kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90 bila kukatika vipande. Nywele ndio zinaonesha makali yamebaki, kupinda ndio kunaonesha chuma hakijapikwa kikawa kigumu kama kioo. Akifaulu hapo anapeleka visu vitano vilivyomalizika mbele ya majaji pale Atlanta mwezi wa 6, na hapo ndipo wengi wanakwama, maana majaji wanaangalia kila mwanya kati ya shaba na mpini kwa tochi.

Kwahiyo JS inakwambia kuhusu mkono wa fundi. Kuhusu hiki kisu ulichooneshwa wewe haikwambii kitu bado. Chama kinaweka majina ya wanachama wake na madaraja yao hadharani kwenye tovuti, ingia utafute hilo jina. Kama siku hizi ni MS tayari basi umejua kisu kilitengenezwa kabla hajapanda, na hiyo ni habari nzuri ya kuweka kwenye rekodi zako. Kama jina halipo kabisa, muulize muuzaji kwanini.

Kuhusu 650. Usianze kwa kuuliza watu "kisu cha JS ni shilingi ngapi", mtafute fundi mwenyewe, wengi wana akaunti na wanajibu vizuri tu, muulize leo hii kisu cha saizi hiyo, chuma hicho na mpini huo anauza bei gani na oda inachukua mda gani. Hiyo ndio bei ya kuanzia mazungumzo. Akikwambia 550 na foleni miezi mitatu, huna sababu ya kutoa 650 kwa kilichotoka mikononi mwa mtu. Akikwambia 700 na vitabu vya oda vimefungwa, basi jamaa hajakuonea.

Watu wanaosema visu vya mkono vinapanda bei wanataja wachache waliopanda. Randall wa Orlando, Florida, wapo toka 1938, foleni yao ya oda inahesabiwa kwa miaka na hapo ndipo wenye haraka wanamlipa aliyenacho zaidi ya bei ya kiwandani kwao. Loveless wa Riverside, California, alifariki 2010, visu vyake leo ni maelfu ya dola. Ila kwa mafundi wengine wote, na wapo wazuri sana humo, kisu kikishatoka kwa mnunuzi wa kwanza kinashuka, hata kama hakijatumika. Mimi naona hilo ni jambo zuri kwetu tusio na hela nyingi, tunapata kazi ya mikono safi kwa bei nafuu, lakini lazima ulijue ili usilipe bei ya hadithi.

Chande_Kiwandani

650 kwa kisu kimoja jamani? Kuna visu vya kiwanda hapohapo Marekani dola 150 chuma kizuri kuliko hiyo 52100, na garantii juu. Sielewi mnanunua nini hapo

Fuawe_na_Nyundo

Chande swali lako ni la haki na nitakujibu vizuri. Kama unataka kuchuna mnyama, cha 150 kinatosha na kinabaki na chenji, sibishani. Tofauti unaiona ukikishika. Bapa la mhunzi linapungua unene toka kwenye mpini kwenda kwenye ncha, kidogokidogo, ndio maana kisu kinakaa mkononi chepesi mbele na uzito unarudi kwenye kidole cha shahada, kiwandani wengi wanakata sahani yenye unene uleule mwanzo mwisho kwasababu ni rahisi. Kikinga vidole kimechongwa na faili mpaka kinaingia kwa kusukumwa, usione hata mstari wa solda. Joto la kupika chuma amelisimamia mtu mmoja kwa bapa moja, na 52100, ambayo ni chuma cha beringi, ukiifua na kuipika taratibu inashika makali membamba sana na kunoleka kirahisi. Halafu kuna mtu. Unaweza kumwandikia ukamuuliza kwanini mgongo aliuzungusha pale na akakujibu. Wakusanyaji tunalipia hicho, na anayekipenda anajua anachokipenda.

Bi_Mkubwa_Houston

Mdogo wangu wa Columbus, mimi nazungumzia malipo tu maana hapo ndipo watu wanalia.

Usitume kwa njia ya ndugu na marafiki. USITUME. Njia ile ni ya kumtumia dada yako hela ya chakula, hela ikishatoka PayPal hawakujui tena, kisu kisipofika au kikifika kimevunjika huna pa kushtaki, na Zelle, ile ya kutumiana hela kupitia benki, ni hivyohivyo. Makato ya njia ya biashara kwa 650 ni kama dola 20 na kitu, mwambie wewe ndio utazilipa juu ya bei. Akikubali, vizuri. Akikataa hata baada ya wewe kujitolea kulipa makato basi tatizo lake sio makato, mwachie kisu chake. Wapo wauzaji wa siku nyingi waaminifu kabisa wanaopenda njia ile, nawafahamu na nafanya nao biashara, lakini hao nina rekodi nao, na wewe huyu humjui.

Picha tatu za ubavuni hazitoshi hata kwa kisu cha dola 60. Muombe hivi: picha ukitazama kutoka juu ya mgongo, kwenye mpini kuelekea ncha, hapo utaona kama bapa limepinda na kama pande mbili za kusagwa zinalingana. Picha ya makali yakielekea kwenye kamera chini ya taa, sehemu iliyobutuka inang'aa. Picha ya karibu pale shaba inapokutana na mpini, pande zote mbili. Picha ya alama ya fundi. Picha ya ndani ya mdomo wa ala. Na moja kisu kikiwa juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kwa mwandiko wake, tena mwambie akiweke pembeni ya kitu utakachokitaja wewe, kijiko, limao, chochote, maana picha za wizi zinazunguka na karatasi siku hizi inachorwa kwenye kompyuta. Zile tatu alizokutumia zitafute kwa picha mtandaoni uone kama zilishawahi kupostiwa na mtu mwingine.

Kubalianeni kabla ya hela kutoka kwamba ukikipokea una siku 3 za kukikagua, ukiona tofauti na alichosema unakirudisha kikiwa hivyohivyo, hujakata hata karatasi, na anarudisha hela. Iandikwe kwenye ujumbe, sio kwenye simu. Mzigo uje na bima ya thamani yote na saini ya kupokea, bima ya bure inayokuja na kifurushi cha posta haifiki hata robo ya bei yako. Na akifunge ncha kwa kadibodi nene ndani ya ala, kisu kikicheza ndani ya boksi kinatoboa ala, boksi na kidole cha mtu wa posta.

Jambo la mwisho la adabu. Ukishaandika "nachukua" pale alipotangaza, umechukua. Kama una maswali uliza kwanza kimyakimya kwenye ujumbe, maana wenzako wataacha kuandika wakiona wewe umeshasema, na mtu anayesema nachukua halafu anapotea jina lake linakumbukwa miaka. Biashara hii yote inaendeshwa na majina.

Msasa_Laini

Mimi kilichonishtua ni "kimekaa kabatini ndani ya ala yake". Kwa muuzaji anaona ni sifa lakini ndio swali kubwa hapo.

Ngozi ya ala inalainishwa na kutiwa dawa ambazo zina asidi na chumvi, na ngozi inavuta unyevu. 52100 ina kromiamu kidogo sana haitoshi kuzuia kutu, na shaba ikikaa imegusana na ngozi inatoa ule uchafu wa kijani. Kisu cha chuma cha kaboni unakihifadhi nje ya ala, umekifuta mafuta mepesi au nta, ile Renaissance Wax wanayotumia makumbusho inatosha kipakti kimoja miaka mingi. Kwahiyo kabla ya kusema ni kipya muombe apige picha bapa kwa mwanga wa upande, akigeuzageuza. Madoa ya kijivu au bluu yaliyolala juu ya chuma sio tatizo, hiyo ni rangi ya chuma cha kaboni kikizeeka na wengine tunaipenda. Vidoti vyeusi vyenye shimo ukipitisha ukucha unakwama, hiyo ni kutu iliyokula, haitoki bila kusaga, na ukisaga umeondoa kazi ya fundi na labda na jina lake.

Muulize pia kama kimewahi kunolewa upya. Wengi wanasema "sijakatia kitu" lakini walikinoa kujaribu kinoo kipya. Ukiona mikwaruzo sambamba juu ya makali, au upana wa makali sio sawa mwanzo na mwisho, kimenolewa. Kwangu mimi hiyo inashusha kama dola 100 kwenye kisu cha bei hiyo.

Mkilwa

Nijibu ya mpingo maana ndio mti wa nyumbani.

Mpingo na karibu jamii yake yote ya Dalbergia uliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia Januari 2017, na mwanzoni ilisumbua sana mpaka wapiga klarineti na zumari maana ndio mti wao. Mwishoni mwa 2019 wakalegeza: bidhaa iliyokamilika inapita bila kibali cha CITES ilimradi mbao ya mti huo kwenye mzigo mzima haizidi kilo 10. Mpini wako hata robo kilo haufiki. Kisu kilichokamilika hakina shida kwa upande wa mti. Ila ukinogewa ukataka kubeba vipande vya mpingo ghafi toka Lindi au Kilwa umpelekee fundi wako Ohio, hilo ni jambo lingine, hapo unahitaji vibali vya misitu na vya CITES, usijaribu kuvificha kwenye begi.

Kwa ndege kisu kinakaa kwenye begi la kukabidhi, kimefungwa vizuri, sio la mkononi. Beba na risiti, forodha wakiuliza thamani uwe na karatasi.

Kama kweli ni mpingo utaujua kwenye picha ya mwanga mkali, sio weusi mtupu, kuna kahawia na zambarau nyeusi inapita kwa mistari. Mweusi tii bila mstari wowote unaweza kuwa mti uliopakwa rangi au ile plastiki ngumu ya nyuzi. Mpingo una mafuta yake, ndio maana mafundi wengi hawauingizii dawa za kuuimarisha kama miti mingine, lakini mafuta hayohayo yanakataa gundi, fundi asipoufuta na asetoni kabla ya kugundisha mpini unaachia baada ya miaka. Kwahiyo angalia kama kuna pini ya chuma inayopita mpini toka upande hadi upande. Na uangalie nyufa ndogo kwenye kichwa cha mpini, mpingo uliokaushwa haraka unapasuka hasa ukihamia kwenye nyumba yenye hita kipindi cha baridi huko kwenu.

Cha kuogopa ni huyo jamaa akikwambia nina na kingine cha mpini wa pembe. Ndovu achana nazo, Marekani walifunga karibu biashara yote mwaka 2016, California wakaenda mbali zaidi, sheria yao inataja hadi mamothi, kiboko na ngiri. Wazungu wanapenda sana meno ya ngiri kwenye visu, yanavutia kweli, lakini ukishuka nalo Julius Nyerere bila karatasi hiyo ni nyara ya serikali, na likizo yako inaishia mahakamani.

Bint_Seif_Maskati

Salaam kutoka Maskati. Hayo ya Mkilwa nayaunga mkono kwa nguvu zote. Huku tunakusanya khanjari, yale majambia ya Oman, na kwenye khanjari za zamani mpini unaosifiwa kuliko yote ni wa pembe ya kifaru. Pembe za vifaru zimepigwa marufuku kuuzwa kimataifa toka 1977 lakini bado utakuta mtu anakuuzia kwa kujivunia. Ndani ya nyumba ya babu yako ni urithi, na UNESCO wameutambua ufundi wa khanjari mwaka 2022, ni fahari yetu, lakini ukivuka nayo mpaka ni kesi. Wengi tunaoanza kukusanya tunachukua mpini wa msandali na tunampa hela yetu fundi wa fedha aliye hai.

Na sisi pia tunamuuliza muuzaji, nani alitengeneza na nani alikuwa nayo kabla yako. Bapa kwenye khanjari linabadilishwa mara nyingi, bei iko kwenye kazi ya fedha, kwahiyo mtu akikosa majibu tunalipa bei ya uzito wa fedha tu na tunaondoka kwa amani.

Mdau_Columbus

Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki, nimejifunza mengi.

Mrejesho: jina la fundi lipo kwenye orodha ya chama, na nilimwandikia akanijibu siku hiyohiyo. Kisu cha namna hiyo anauza 575 sasa hivi, oda anapokea lakini foleni ni karibu mwaka. Nilimtumia picha ya alama akasema ni kisu chake, anakumbuka ule mpingo maana ulikuwa na mstari mweupe wa mbao ya nje ya mti karibu na shaba na aliuacha makusudi. Muuzaji amekubali njia ya biashara na mimi nalipa makato, na siku 3 amekubali pia. Picha amezituma zote, na kijiko. Bapa safi halina vidoti, makali hayajaguswa. Ila kama Msasa alivyosema kuna ukijani kwenye shaba pale inapogusa ngozi, na kidogo umeingia kwenye ukingo wa mpini. Nimemwambia 540 akasema 560 pamoja na posta. Huo ukijani unatoka?

Msasa_Laini

560 na posta chukua mkuu. Unatoka, ila taratibu. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, kichovye kwenye mafuta ya madini yale ya duka la dawa, ukwangue huo ukijani kufuata mstari wa shaba, futa na kitambaa cha pamba, rudia. Usiguse msasa wala ile poda ya kung'arishia vyombo, poda itaingia kwenye vinyweleo vya mpingo na kubaki nyeupe pale hautaitoa tena. Ukimaliza paka nta shaba na bapa, kausha ndani ya mdomo wa ala, na kisu kikae nje ya ala.

Bi_Mkubwa_Houston

Na yale majibu ya fundi kwamba ni kisu chake, yachapishe uyaweke kwenye bahasha pamoja na risiti na picha ya kijiko. Siku ukitaka kumuuzia mtu mwingine, bahasha hiyo inaenda pamoja na kisu.